Bibi ya Karani

Kwa miaka tisa nilikuwa na waume wawili, mmoja nyumbani Kitale na mwingine kwenye televisheni, na huyo wa televisheni ndiye aliyejulikana. Sikuona ajabu. Ilikuwa kazi, na kabla yake nilikuwa nimefanya kazi ngumu zaidi: kufundisha Kiswahili darasa la sita katika shule moja ya msingi upande wa Naitiri, watoto sabini na kitu, saa nane mchana, matumbo yamejaa githeri na macho yanafunga.

Mwenzangu wa televisheni nilikutana naye harusini. Mwalimu mmoja wa shule yetu alikuwa anaoa. Mimi nilipewa kazi ya kusoma orodha ya zawadi, na yeye alikuwa ameitwa kuendesha sherehe. Siku za juma alikuwa fundi wa redio na televisheni mjini Kitale, Jumamosi alikuwa MC. Niliposoma kwamba upande wa bibi harusi umeleta magodoro mawili, alisema kwenye kipaza sauti, kwa sauti nzito ya mtu anayesoma tangazo la chifu, "Moja la siku ya amani, la pili la siku ya ugomvi. Endelea, mwalimu."

Nilikuwa bado nimeinamia karatasi. Kilichofuata kwenye orodha kilikuwa taa ya sola. Nikasema, "Na taa moja, ya kumtafutia aliyelala kwa godoro la pili."

Watu walicheka mpaka padri akageuka kutuangalia. Baada ya keki yule MC alinifuata nikiwa kwenye foleni ya chakula.

"Mwalimu, hayo maneno uliandika ama yamekuja tu?"

"Yamekuja."

"Basi yakikuja tena, andika."

Nikaanza kuandika. Tulifanya harusi pamoja kwa miaka miwili, mimi na orodha yangu na yeye na kipaza sauti chake, mpaka kampuni ndogo ya kutengeneza vipindi ikaja kutoka Nairobi kutafuta vichekesho vya huku kwetu. Mtu fulani alikuwa amewaonyesha video ya simu. Walikodi nyumba Bungoma, karibu na barabara ya kwenda Chwele, wakaijaza taa na nyaya, wakatuuliza tuna hadithi gani.

Hadithi nilikuwa nayo. Ilikuwa juu ya karani wa serikali aliyestaafu ambaye hajakubali kwamba amestaafu, kwa hiyo anaendesha nyumba yake kama ofisi. Ana faili la kuku. Ana muhuri. Mke wake akitaka kwenda kumwona dada yake lazima aombe ruhusa kwa maandishi, na kila anachoambiwa, hata kwamba nyumba inavuja, karani anajibu neno moja tu: "Andika barua." Mwenzangu angekuwa karani. Mke angekuwa msichana mmoja mwigizaji aliyechaguliwa Nairobi, lakini yeye aliona Bungoma ni mbali sana na mambo yake, akajitoa wiki moja kabla ya kuanza. Mwelekezi wa kipindi akaniangalia. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuigiza, kwa sababu nilikuwa nimesimama hapo na maneno nilikuwa nayajua.

Ile nyumba ilikuwa ya mabati bila dari. Bungoma mvua hunyesha alasiri, na mvua ikipiga mabati hakuna kipaza sauti kinachosikia kitu kingine. Tulirekodi asubuhi, kuanzia saa mbili hadi saa saba, na mawingu yakianza kukusanyika mapema mwelekezi alikuwa anatuharakisha kama mtu mwenye mahindi kwenye turubai. Vipindi vingi watu walivyovisifu kwa mwendo wake wa kasi, mwendo huo ulikuwa wa mvua.

Niliandika kwenye madaftari ya hesabu, yale ya viboksi, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuyasahihisha. Nilifanya kazi siku za likizo kwanza, kisha nikaacha ualimu. Mama yangu hakufurahi. Alinyamaza mwezi mzima, kisha akaanza kuwaambia watu kanisani kwamba ninafundisha kwa televisheni.

Jambo moja tulilozozania mwanzoni lilikuwa lafudhi. Mwelekezi alitaka karani abadilishe l na r katika kila sentensi, aseme chakura na balua na kurara, kwa sababu Nairobi wanacheka. Mwenzangu alikuwa anaongea Kiswahili kilichonyooka, kuliko changu hata. Alimsikiliza mwelekezi mpaka mwisho, akakunja daftari.

"Mama yangu ndio anaongea hivyo," alisema. "Sina shida kuongea kama mama yangu. Lakini nitachagua ni saa ngapi."

Akachagua. Karani wake alizungumza Kiswahili cha ofisini mwanzo hadi mwisho, ila akikasirika kabisa, hapo ndipo herufi zilipogeuka. Watazamaji walijifunza wenyewe. Wakisikia "barua" imekuwa "balua" walijua mambo yameharibika. Sikuwa nimeandika hivyo. Kitu bora zaidi katika kipindi changu hakikuwa changu, na nilikuwa nikisifiwa kwa hicho hicho kila mahali.

Kicheko tulichosikia kwenye televisheni hakikuwa cha Bungoma. Kilibandikwa Nairobi na mhariri ambaye sikuwahi kukutana naye. Mara ya kwanza kuona kipindi kilichokamilika nilishangaa kusikia watu wanacheka mahali ambapo sikukusudia kuchekesha, mke anapofunga mlango polepole. Nikamuuliza mwelekezi. Akasema palikuwa na nafasi.

Mume wangu wa kweli anafanya kazi na kampuni ya mbegu. Anatembelea wakulima wa Trans-Nzoia kuwaangalia mahindi, ni mtu wa maneno machache, na kipindi alikitazama kama anavyotazama taarifa ya habari, amekaa wima. Siku moja tuliingia duka la dawa za mifugo Kitale, na muuzaji akanishangilia, "Bibi ya Karani! Mzee yuko wapi?" Nikamwonyesha aliye kando yangu. Muuzaji akamtazama juu mpaka chini.

"Na huyu ni nani?"

"Mimi ni dereva," mume wangu akasema, akalipia dawa ya kupe.

Neno hilo nililiweka kwenye kipindi bila kufikiri. Lilipokwenda hewani mume wangu alikuwa ameshika sahani ya ugali mapajani. Hakukasirika kwa sauti. Alingoja tangazo la sabuni, akasema, "Ukitaka kuandika kitu nimesema, niulize kwanza." Nikakubali, na kuanzia hapo nikawa namuuliza. Mara nyingi alikataa. Nikikumbuka sasa naona alikuwa na haki, lakini wakati ule nilihisi kama mtu aliyefungiwa ghala lake mwenyewe.

Mke wa mwenzangu alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa anauza vitunguu kwa jumla Chwele, na siku za soko alifika kabla jua halijachomoza, akakaa juu ya magunia na daftari na simu mbili. Nyumba yao ilikuwa dakika kumi kutoka sokoni kwa pikipiki. Sikumwona mpaka mwaka wa pili, tulipokwenda na mwenzangu kununua vitunguu vya kutumia kwenye kipindi. Soko zima lilitusalimia. Yeye alibaki juu ya gunia lake, akaninyooshea mkono bila kushuka.

"Karibu, mke mwenza," alisema. "Nasikia wewe ndio unamkalipia kwa televisheni. Asante. Mimi sina hiyo saa."

Nilipenda namna alivyosema. Kipindi chenyewe hakuwa amekiona. Alisema jioni akifika nyumbani anasikia sauti ya bwana yake kutoka sebuleni na sauti nyingine ya bwana yake kutoka kitandani, na moja inatosha.

Kwa hiyo tuliendelea, mwaka baada ya mwaka. Tulitengeneza tangazo la rangi ya nyumba. Tulialikwa kufungua duka Webuye. Mimi na mwenzangu hatukuwa marafiki wakubwa kama watu walivyodhani. Kwenye gari la kampuni alilala. Alipenda chai yenye tangawizi nyingi na hakupenda kuulizwa juu ya afya yake. Lakini nilijua pumzi yake. Nilijua akivuta hewa kwa pua atasema neno kwa haraka, akivuta kwa mdomo atangoja. Mume wangu wa kweli simjui hivyo mpaka leo.

Mwaka wa tisa, asubuhi ya Jumanne, tulikuwa tunarekodi tukio la chai. Lilikuwa katika kila kipindi: karani anatoka chumbani amefunga tai, anakaa, anainua kikombe, anaonja, anasema, "Hii chai umeipika ama umeionyesha moto?" Alikaa. Mkono wake wa kulia ulikwenda kwenye kikombe, ukakigusa, ukakisukuma. Kikombe kikaanguka. Akakiangalia pale chini, kisha akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa sauti isiyo na maneno, kama mtu anayeongea huku ana viazi moto kinywani.

Mshika kamera alicheka. Dada wa poda alicheka. Mimi nilicheka, na kwa kuwa kamera ilikuwa bado inazunguka nikamjibu kama mke wa karani: "Leo unaongea lugha ya ofisi gani?"

Aliniangalia. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeshuka. Mwelekezi aliposema tukate, alisema kwa sababu aliona tumeharibu tukio. Hakuna aliyekuwa ameelewa. Mimi ndiye niliyeelewa kwanza, si kwa sababu nina akili, bali kwa sababu sikusikia pumzi yoyote kati ya zile mbili.

Tulimpeleka hospitali kwa gari la kampuni, tai bado shingoni. Nilimpigia mkewe. Ilikuwa siku ya soko. Alikuja na gambuti na aproni yenye maganda ya vitunguu, akampita kila mtu mlangoni, na aliponiona hakuniita mke mwenza. Aliniita mwalimu.

Kiharusi, daktari akasema. Mguu utarudi kwa mazoezi, mkono labda. Maneno hakuweza kuahidi.

Wiki mbili baadaye yule mhariri wa Nairobi alinitumia kipindi cha wiki hiyo nikipitie, kama kawaida yake. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alikuwa amefanya kazi yake kwa kilichokuwa kwenye faili. Kikombe kinaanguka, kicheko. Sauti isiyo na maneno, kicheko kirefu. Jibu langu, kicheko na makofi. Nilitazama mara moja. Nikampigia nikamweleza.

"Pole sana," alisema. "Mimi niliona amefanya vizuri sana."

Nikamwomba afute yote, na picha zote za siku ile pia. Alifuta.

Kwa miezi mitatu nilisikia habari za mwenzangu kwa simu tu. Anatembea kwa fimbo. Anakula. Haongei. Akiulizwa anataka maji anasema ndiyo kumbe anataka kusema hapana, na akikosea anageuza uso ukutani. Kisha Jumapili moja baada ya ibada mkewe akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeripoti wizi.

"Mwalimu, ameongea."

"Amesema nini?"

"Watoto walikuwa wameweka televisheni, ile marudio ya zamani. Wewe ukamletea chai. Yeye akasema kutoka kwa kiti, maneno yote, bila kukosa: Hii chai umeipika ama umeionyesha moto. Nikakimbia nikaenda kumletea chai. Nikamwambia, sema tena. Ananiangalia tu. Wewe kwa televisheni anakujibu. Mimi hanijibu. Kuja."

Nilikwenda Jumatano. Mume wangu alinipeleka, akabaki nje akizungumza na jirani juu ya viwavi. Mwenzangu alikuwa sebuleni, amekonda, shati limefungwa vizuri mpaka juu. Nilikaa kwenye kiti kilichomwelekea. Sikujua nifanye nini, kwa hiyo nikafanya nililozoea. Nikachukua kikombe mezani, nikakiweka mbele yake kwa kishindo kidogo kama mke wa karani, nikasema, "Chai yako, bosi."

Akavuta hewa kwa mdomo. Akangoja. "Hii chai," alisema, polepole lakini safi, "umeipika ama umeionyesha moto?"

Nikamjibu. Akanijibu. Tulikwenda hivyo mistari minane au tisa, tukio zima la zamani, mpaka kwenye "Andika barua," na hapo akasimama kwa sababu tukio liliishia hapo. Nikajaribu kumuuliza, kwa sauti yangu mwenyewe, kama amelala vizuri. Mdomo ulifunguka, ukafunga. Hakukuwa na kitu.

Nilipogeuka, mkewe hakuwepo mlangoni.

Nilimkuta jikoni, anachambua vitunguu, vizuri kulia na vibovu kushoto. Hakuniangalia.

"Miaka ishirini na mbili nimempikia chai," alisema. "Hajawahi kulalamika hata siku moja. Sasa ndio analalamika, na si kwangu."

"Haniongeleshi mimi," nikamwambia. "Ni maneno aliyokariri. Alirudia mara nyingi mno. Yamekaa mahali pengine kichwani."

"Nani aliyaandika?"

"Mimi."

Alitupa kitunguu kushoto. "Basi niandikie na mimi."

Nilimweleza kwamba mimi si daktari. Akasema daktari hajaandika kitu ila tembe. Nilimweleza kwamba huenda isifanye kazi. Akasema hata vitunguu huenda visiote na watu wanapanda. Mwishowe nikaomba daftari. Kulikuwa na lake la sokoni tu, nikaandika kwenye kurasa za nyuma, mistari sita. Mke aingie na chai. Aseme, chai yako bosi. Angoje. Mume atasema lake. Mke ajibu, "Nimeionyesha moto, ikaogopa." Hapo karani husema, "Andika barua." Basi.

Siku ile haikufanya kazi. Aliingia akasoma kama anasoma somo la kwanza kanisani, macho kwenye daftari, na mwenzangu akamtazama kwa huruma. Tukarudi jikoni. Nikamfundisha kama nilivyokuwa nikifundisha darasa la sita, mstari kwa mstari, mimi nikiwa karani. Alikuwa na sauti nzuri, ya mtu aliyezoea kupigia mtu kelele kutoka upande wa pili wa soko, lakini hakuweza kungoja. Kila nilipomwachia kimya alikijaza.

"Acha aingie na neno lake," nikasema.

"Na asipoingia?"

"Ngoja."

"Mpaka saa ngapi?"

Hakuwa anatania. Sokoni ukinyamaza mteja anaondoka. Tulirudia mpaka sufuria ya maharagwe ikaungua, na katikati ya kurudia aliniuliza, mgongo umenigeukia, "Siku ile ya kikombe. Mlicheka?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo kwa miezi mitatu na jibu nililoandaa lilikuwa refu. "Tulicheka," nikasema.

"Nyote?"

"Sote. Mimi pia."

Alikwangua sufuria. "Mimi singecheka," alisema baadaye, "lakini mimi sikuwa najua anachekesha." Swali hilo hakuliuliza tena.

Nilirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Mara ya tatu nilikaa uani na mume wangu, mlango ukiwa wazi, tukasikia ndani: chai yako, bosi. Kimya kirefu. Mume wangu alitaka kusema kitu, nikamshika mkono. Kisha ile sauti, safi, na kidogo yenye kiburi: umeipika ama umeionyesha moto? Na mkewe, badala ya mstari wangu, akaanza kulia kwa sauti. Kikombe kikawekwa mezani. Kisha tukamsikia mwenzangu anasema, "Andika barua," mapema mno, mahali si pake, na alisema kwa namna ambayo karani hakuwahi kuisema kwa miaka tisa. Nilikuwa nimeandika neno hilo labda mara elfu. Sikujua linaweza kusemwa hivyo.

Mtaalamu wa kuzungumza anayekuja hospitali Bungoma mara moja kwa mwezi alisema tuendelee, lakini tubadilishe. Mstari auzoee, kisha tubadilishe ndani yake neno moja tu. Hiyo ikawa kazi yangu. Karani alikuwa na mazoea ya kuuliza, "Nani amehamisha kiti changu?" Nikaandika tukio ambapo kilichohamishwa ni dawa, kisha maji, kisha blanketi. Mkewe alificha kitu chenyewe, akangoja. Alikuwa amejifunza kungoja vizuri kunishinda. Siku mwenzangu aliposema "Nani amehamisha dawa yangu?" bila kikombe wala tai wala mimi, mkewe alinipigia akaniambia kwa sauti ya kawaida, kisha akakata simu kwa sababu mteja alikuwa amefika.

Niliandika matukio hamsini na moja. Ni kazi ngumu. Kwa televisheni unaandika kwa ajili ya watu wasiojulikana na ukikosea wanabadilisha stesheni. Pale mtu angekosa blanketi.

Kampuni haikungoja, na siwalaumu. Walitafuta karani mwingine, mtu wa Kakamega, mwigizaji mzuri aliyesoma kazi hiyo. Niliandika vipindi kumi na vitatu naye. Alikuwa anafika kwa wakati, anajua mistari yote. Siku moja mwelekezi aliniuliza kwa nini naacha nafasi ndefu kila baada ya jibu la mke. Nikaangalia daftari, nikaona ni kweli. Nilikuwa naandika kwa pumzi ya mtu ambaye hakuwepo. Nilimaliza msimu nikaaga. Walifanya mwingine mmoja bila mimi, kisha stesheni ikakisimamisha kipindi.

Mwenzangu hakurudi kuwa MC. Anaongea sasa, sentensi fupi, nyingine zimepinda. Kilugha chake cha nyumbani kilirudi kabla ya Kiswahili, na Kiingereza hakikurudi kabisa, jambo ambalo mkewe anasema ni nafuu. Siku za soko mkewe anampeleka Chwele, anamketisha kwenye kiti cha plastiki nyuma ya magunia, na watu wanakuja kumsalimia. Wengine bado wanasema, "Andika barua!" Yeye anainua mkono wa kushoto.

Mwaka jana mkewe alinipigia katikati ya asubuhi, kelele za soko nyuma yake.

"Mwalimu, kuna maneno mengine umemwandikia bila kuniambia?"

"Hapana. Kwani?"

"Kuna mteja amekuja kutoka Kapsokwony na pikapu, anataka magunia manane. Tumeshaelewana bei. Huyu bwana yangu ananyanyua kichwa anamwambia, hivi vitunguu vilinyeshewa jana, vitaoza. Hivyo tu! Safi!"

"Vilikuwa vimenyeshewa?"

"Ndiyo, vilinyeshewa! Lakini nani alimuuliza? Mtu ameenda." Alikuwa anapiga kelele, na sikuweza kujua mara moja ni za nini. "Kwa hiyo hiyo si yako."

"Si yangu."

"Sawa," alisema. "Sawa. Basi ni yake." Nikasikia anamwambia mtu kando, sijui ni nani, kwamba ameongea mwenyewe, si kitu cha televisheni.

Baada ya hapo sikuandika tena kwa ajili yao, na hawakuomba. Tunasalimiana sikukuu. Mwezi wa nne mke wa mwenzangu alinitumia gunia la vitunguu kwa pikapu iliyokuwa inakuja Kitale, vikavu kabisa, bila ujumbe wowote.

Mimi bado naandika. Mume wangu anakaribia kustaafu na tumenunua ng'ombe wa pili, kwa hiyo naandika asubuhi, baada ya maziwa kuchukuliwa. Kuna kipindi kipya kinachotengenezwa hapa Kitale, cha msichana anayeuza laini za simu Lwakhakha, pale mpakani, ambaye simu zake kila siku hazijui ziko Kenya au Uganda. Siigizi. Anayeigiza ana miaka ishirini na minne na anaongea haraka kuliko ninavyoandika. Nimewapa vipindi sita. Mtayarishaji anasema vinne ni vizuri. Vile viwili nimekubali kuvirudia, ingawa kimoja nakiona kiko sawa, na wiki ijayo nitakwenda kumwambia hivyo.